Suala la rangi na asili kwenye kura za mchujo: linamwangusha mgombea au tunalipa uzito lisiokuwa nao?

#1 Mlalahoi wa Ilala

Wakuu, habari za jioni.

Wiki nzima nabishana na shemeji yangu. Yeye anasema mgombea akishaguswa na suala la rangi au asili ndani ya chama chake mwenyewe, kwisha habari yake, hata akishinda atashinda akichechemea. Mimi nakataa, na shahidi wangu ni Obama kwenye mchujo wa Democrat mwaka 2008, alipochuana na Hillary Clinton.

Tukumbushane. Machi 13, 2008 televisheni ya ABC ilirusha vipande vya mahubiri ya Mchungaji Jeremiah Wright wa kanisa la Trinity, Chicago. Obama alisali pale miaka kama 20. Wright ndiye aliyemfungisha ndoa, ndiye aliyewabatiza wanawe. Kwenye kipande kimoja anasema wanaotaka Mungu aibariki Marekani wamekosea, Mungu ailaani Marekani. Kingine ni cha Jumapili ya kwanza baada ya mashambulizi ya Septemba 11, anasema nchi ile imevuna ilichopanda. Unaweza kufikiria jinsi ya kumzika mgombea mweusi kwa haraka kuliko hiyo?

Siku tano baadaye Obama akasimama Philadelphia, akazungumza dakika 37 juu ya rangi. Alikataa maneno ya mchungaji, mtu mwenyewe hakumtupa. Alisema hawezi kumkana kama asivyoweza kumkana bibi yake Mzungu aliyemlea, bibi ambaye aliwahi kukiri kwamba huogopa wanaume weusi akipishana nao barabarani. Juni 3 akawa amefikisha idadi ya wajumbe wanaotakiwa ili chama kimteue kugombea urais.

Dai langu: sakata lile lilimjenga. Bila Wright hakuna hotuba ya Philadelphia, na bila hotuba ile Wazungu wengi wa chama chake wangebaki na swali moyoni ambalo hawathubutu kuliuliza. Anayepinga aje na hoja.

#2 Nimekaa Pale

Nimevuta kiti.

#3 Dereva wa Masafa

Mkuu, umesimulia nusu ya hadithi, tena nusu tamu.

Wright hakuishia Machi. Aprili 28 alikwenda mwenyewe mbele ya waandishi pale Washington, akarudia mambo yake na kuongeza mengine. Kesho yake Obama, akiwa North Carolina, ndipo alipomkana wazi, na mwisho wa Mei akajitoa kanisani kabisa. Kwa hiyo ile "siwezi kumkana" unayoisifu ilidumu wiki sita.

Mwaka ule nilikuwa naendesha lori kati ya Ohio, Kentucky na Tennessee. Unaposubiri kushusha mzigo unakaa na watu masaa, na mimi sura yangu na lafudhi yangu vinaonekana vya mgeni, kwa hiyo walizungumza mbele yangu kana kwamba sielewi. Hotuba ya Philadelphia sikumsikia mtu hata mmoja akiitaja. Mchungaji walimtaja kila siku. Mzee mmoja, mtu mwema sana kwangu, aliyenipa blanketi lake usiku wa baridi, aliniambia: "Mimi ni mwanachama tangu enzi za Kennedy, lakini huyu simjui ni nani." Hakusema rangi. Alisema hamjui ni nani.

Ukitaka matokeo, haya: West Virginia, Mei 13, Clinton 67, Obama 26. Kentucky wiki moja baadaye, Clinton 65, Obama 30. Wakati huo kila mtu alishajua Obama anaelekea kushinda. Pale West Virginia mmoja kati ya watano waliohojiwa wakitoka kupiga kura alikiri kwamba rangi ilikuwa na uzito kwenye kura yake. Hao ni waliokiri tu.

#4 Binti wa Siaya

Hamjambo. Niko Kisumu.

Mimi nikisikia 2008 siwezi kuanzia Machi. Obama alishinda Iowa Januari 3, jimbo ambalo Wazungu ni zaidi ya tisa kati ya kumi. Siku hiyo hiyo sisi huku tulikuwa ndani, milango imefungwa kwa ghasia za baada ya uchaguzi wetu, siku mbili tu baada ya kanisa la Kiambaa kule Eldoret kuchomwa na watu wakiwa ndani. Tuliipata habari ya Iowa kwa redio ya betri. Baba yangu alisikiliza, akazima, akasema: "Marekani itampata rais Mjaluo kabla ya Kenya." Wakenya wengi waliusema msemo huo kama mzaha. Baba hakuwa anacheka.

Kwa hiyo ndugu Mlalahoi, swali lako kwangu lina upande wa pili. Wewe unauliza kama rangi ilimwangusha. Mimi najiuliza ni nini kiliwafanya wakulima wa mahindi wa Iowa wampigie mtu ambaye baba yake ametoka Kogelo, ilhali sisi majirani wa miaka mingi tulikuwa tunaulizana majina ya ukoo kwenye vizuizi vya barabarani.

Halafu msisahau ile picha ya Wajir. Agosti 2006 akiwa seneta alitembelea kaskazini, wazee wakamvika kilemba na shuka. Februari 25, 2008 picha hiyo ikawekwa kwenye tovuti ya habari ya Drudge, katikati ya mchujo, ikisemekana imetoka kambi ya Clinton. Wao walisema hawakuidhinisha kitu kama hicho. Lakini ujumbe ulikuwa umeshafika: tazameni, huyu si wenu.

#5 Kijana wa Wajir

Wallahi picha ile ilituuma. Mgeni yeyote wa heshima akija kwetu anavishwa. Ni ukarimu. Kuona ukarimu wa wazee wetu umegeuzwa kuwa ushahidi wa kosa, hilo sijalisahau mpaka leo.

#6 Hesabu Kwanza

Naomba niwarudishe kwenye kalenda, maana mnasoma mioyo ya watu ambayo hakuna anayeiona.

Baada ya kura za majimbo mengi za Februari 5, Obama alishinda mara 11 mfululizo. Machi 11 akashinda Mississippi. Machi 13 ndipo ABC wakarusha Wright. Kura iliyofuata ilikuwa lini? Aprili 22, Pennsylvania. Karibu wiki sita bila mtu yeyote kupiga kura! Moto uliwaka wakati hakuna nyumba ya kuungua.

Pili, chama cha Democrat hugawa wajumbe kwa uwiano, mradi mgombea amepita asilimia 15. Pennsylvania Clinton alishinda kwa alama 9, ushindi mzuri kabisa. Kwa wajumbe alipata 85, Obama 73. Tofauti 12. Wakati huo Obama alikuwa mbele kwa zaidi ya wajumbe 100. West Virginia anayoitaja Dereva, kipigo chote kile: 20 kwa 8. Unaona? Kwa mfumo wa mshindi kuchukua vyote, tungekuwa tunazungumza mambo mengine hapa.

Sasa ihamishe video ile. Iweke Desemba 2007, kabla ya Iowa. Nina hakika angekwisha na leo tusingemjua. Kwa hiyo mleta mada, hotuba ilikuwa nzuri, nami niliisikiliza yote, lakini kilichomwokoa ni tarehe na kanuni za kugawa wajumbe.

#7 Mlalahoi wa Ilala

@Hesabu Kwanza, umenibana. Lakini kama ni hesabu tu, mbona kwenye tafiti za maoni za nchi nzima alishuka siku chache baada ya video, na kabla Machi haijaisha alikuwa amepanda tena? Katikati hapo kuna nini zaidi ya hotuba?

Na @Dereva wa Masafa, Kentucky alipigwa, sawa. Siku hiyo hiyo Mei 20 alishinda Oregon kwa karibu 59 kwa 41, na Oregon nayo ni Wazungu watupu. Kwa hiyo tusiseme "Wazungu walimkataa". Wazungu wa wapi?

#8 Dereva wa Masafa

Wa milimani, kule West Virginia na Kentucky. Hapo nakubaliana nawe.

#9 Mama Tunu

Wapendwa, mbona mnazungumza kana kwamba aliyeumizwa na rangi ni Obama peke yake? Walioungua zaidi ni akina Clinton.

Mwaka 2007 wapiga kura weusi wengi walikuwa upande wa Hillary. Bill alikuwa anapendwa kwelikweli na watu weusi. Halafu Januari ikaja. Kwanza Hillary alisema ndoto ya Martin Luther King ilihitaji rais, yaani Johnson, ili itimie. Ni kweli Johnson ndiye aliyetia saini sheria ya 1964, lakini masikio ya watu yalisikia King akishushwa. Kisha South Carolina, Januari 26. Obama 55, Clinton 26 na kitu, karibu nane kati ya kumi ya weusi wakiwa na Obama. Bill alipoulizwa siku hiyo akajibu kwamba Jesse Jackson, mgombea mweusi wa zamani, naye alishinda South Carolina 1984 na 1988. Maana yake ikachukuliwa kuwa: huyu ni mgombea wa weusi tu, msishangae. Siku mbili baadaye Ted Kennedy akatangaza kumuunga mkono Obama. Februari, John Lewis, mzee wa mapambano ya haki za raia aliyekuwa kwa Clinton, naye akahama.

Machi akaja Geraldine Ferraro, mwanamke wa kwanza kugombea umakamu wa rais kupitia chama kikubwa, mwaka 1984. Akasema Obama angekuwa Mzungu asingefika hapo alipo. Akajiuzulu kwenye kamati ya fedha ya Clinton. Kufikia Pennsylvania, Hillary alikuwa anapata mmoja katika kila weusi kumi.

Mimi nasema hivi: ndani ya chama chenye watu wa rangi nyingi, anayerusha jiwe la rangi huumia kuliko anayerushiwa.

#10 Mwana wa Mtoni

@Mama Tunu nakazia. Mfano mwingine ni yule seneta George Allen wa Virginia aliyemwita kijana wa asili ya Kihindi "macaca" mbele ya kamera mwaka 2006. Akaangushwa kwenye mchujo.

#11 Hesabu Kwanza

@Mwana wa Mtoni, si kwenye mchujo. Allen alikuwa tayari mgombea wa Republican. Alisema lile neno Agosti, akashindwa na Jim Webb Novemba kwenye uchaguzi mkuu, kwa kura zisizofika 10,000. Ndani ya chama chake hakuna aliyemgusa. Na hiyo inaleta swali: je, wanachama wenzake wangemwadhibu?

#12 Mwana wa Mtoni

Nimekubali kosa, mkuu. Ahsante.

#13 Bwana Shamba wa Njombe

Mama Tunu nakuheshimu sana lakini hilo la "anayerusha jiwe huumia" linaanguka mbele ya McCain.

Februari 1, 2000, kwenye mchujo wa Republican, McCain alimshinda Bush New Hampshire kwa tofauti kubwa mno. Wakaenda South Carolina. Zikaanza simu za watu wasiojitaja na uvumi kwamba McCain ana mtoto mweusi wa nje ya ndoa. Ukweli ni kwamba yeye na mkewe walimlea mtoto waliyemchukua Bangladesh. Yaani tendo la huruma likageuzwa kuwa aibu. Februari 19 Bush akashinda 53 kwa 42, na safari ya McCain ikavunjika mgongo pale, ingawa alijitoa Machi. Kambi ya Bush ilikana kuhusika. Hakuna aliyeumia kwa kurusha jiwe, kwa sababu hakuna aliyeonekana akilirusha.

Kwa hiyo inategemea: jiwe limerushwa mchana au usiku?

#14 Kahawa ya Jaws

Assalaam alaykum. Nimesoma uzi toka juu, nasikitika mmefika post ya 13 mnazunguka Marekani wakati mfano mkubwa kabisa uko nyumbani. Salim Ahmed Salim.

Mtu huyu alikwenda kuwa balozi Cairo mwaka 1964 akiwa na miaka 22. Mwaka 1981 karibu awe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani wakamzuia kwa kura ya turufu raundi baada ya raundi. Waziri Mkuu baada ya Sokoine kufariki 1984. Katibu Mkuu wa OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, kuanzia 1989 mpaka 2001. Nani mwengine alikuwa na wasifu huo? Mwaka 1985 Nyerere alimtaka, wakubwa kadhaa wa Zanzibar wakampinga, ikawa Mzee Mwinyi. Mwaka 2005 akachukua fomu ya CCM. Kilichoanza hapo sisi vibarazani tulikisikia kila siku: Hizbu. Mwarabu. Si mwenzetu.

Kwa vijana: Hizbu ni jina la mitaani la ZNP, chama kilichokuwa serikalini Mapinduzi yalipotokea Januari 1964. Kumwita mtu Hizbu Zanzibar si kumtaja chama. Ni kumwambia wewe ni wa upande uliopinduliwa, na damu yako ndiyo ushahidi. Salim alikuwa Umma Party ya Abdulrahman Babu, waliojitenga na ZNP mwaka 1963 na kusimama na Mapinduzi. Na jiulizeni: serikali ya Mapinduzi ingempeleka Hizbu kuwa balozi Cairo mwaka ule ule?

Mie nilikuwa kijana. Babu yangu, muungaji mkono wa ASP, chama kilichoingia madarakani kwa Mapinduzi, mpaka kufa kwake, alimpenda Salim. Alikuwa akisema: "Wanamhukumu kwa pua yake."

#15 Mwana wa Mtoni

Na ndiyo maana akaja kushindwa na Mkapa.

#16 Kahawa ya Jaws

La, kaka. Mkapa alipita 1995. Mwaka 2005 ni Kikwete. Ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, Mei 4: Kikwete kura 1,072, Salim 476, Mwandosya 122.

#17 Mama Tunu

Mwana wa Mtoni leo nyota yako imefunikwa na wingu, mwanangu. Kanywe chai urudi.

#18 Mwana wa Mtoni

Naenda mama, narudi.

#19 Mjumbe Mstaafu

Ndugu Kahawa, heshima kwako. Nilikuwa mjumbe wa mkutano mkuu. Nitasema nilichokiona bila kumtaja mtu.

Fitina ya Uarabu ilikuwepo. Asiyeikiri anaficha jua kwa ungo. Lakini kusema ndiyo iliyomwangusha Salim ni kumpunja Kikwete kazi yake. Mwaka 1995 Kikwete aliongoza raundi ya kwanza kwa 534 dhidi ya 459 za Mkapa na 336 za Msuya. Raundi ya pili akashindwa 686 kwa 639. Mtu anayeshindwa kwa kura 47 halafu halalamiki, anarudi kazini, miaka kumi anajenga mtandao mkoa kwa mkoa, wilaya kwa wilaya, huyo hutamshinda kwa wasifu. Salim miaka 12 alikuwa Addis Ababa. Alipokuja kwetu kuomba kura tulimheshimu kama mtu anavyoheshimu mgeni rasmi. Kikwete alijua jina la mke wangu.

Kama Salim angekuwa mweusi tii na jina la Kimakonde, bado nafikiri angeshindwa. Labda angepata kura 600 badala ya 476.

#20 Kahawa ya Jaws

Mzee wangu, nakupa haki yako kwenye mtandao. Ila zingatia ulivyosema, "kama mgeni rasmi". Kwa nini mtu aliyekuwa Waziri Mkuu wenu awe mgeni? Kikwete alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje miaka kumi, naye alishinda kwenye ndege, mbona hakugeuka mgeni? Hapo ndipo pua ilipofanya kazi. Haikuhitaji kusemwa ukumbini.

#21 Mjumbe Mstaafu

Swali zito. Sina jibu la haraka.

#22 Hesabu Kwanza

Tazameni tofauti ya muda lakini. Obama alipata miezi mitano na majimbo 50 ya kujibu. Alianguka huku akainuka kule. Salim alipita Kamati Kuu, Halmashauri Kuu, kisha ukumbi mmoja, usiku mmoja, watu 1,670. Ukichafuliwa wiki ile huna Oregon ya kwenda.

#23 Wajumbe Si Watu

Jina langu lijibu hoja.

#24 Kasuku wa Tabora

Kutoka Nzega na nyongeza. Mwaka 2010 Hussein Bashe aliongoza kura za maoni za CCM jimboni kwetu. Kura za wanachama, si za ukumbi. Jina lilipofika juu likakatwa kwa hoja ya uraia, kwa sababu ya asili yake ya Kisomali. Akateuliwa Kigwangalla aliyekuwa wa tatu. Baadaye serikali yenyewe ikasema Bashe ni raia. Mwaka 2015 akarudi, akashinda, akaja kuwa Waziri wa Kilimo.

Kwa hiyo Hesabu, huyu alipata kura za watu na bado akakatwa. Na yule wa Dereva aliyesema "simjui ni nani"? Huku kwetu sentensi ile ile inaitwa "uraia wake una utata". Hakuna anayetamka rangi. Inapitia mlango wa karatasi.

#25 Mtoto wa Lubumbashi

Jambo ndugu. Kwetu Kongo ni hivyo hivyo na mwanasiasa Moïse Katumbi. Mama Mkongomani, baba Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes. Mwaka 2021 ikaletwa hoja ya sheria kwamba rais lazima wazazi wote wawili wawe Wakongomani. Kila mtu alijua inamlenga nani.

#26 Bwana Shamba wa Njombe

Karibu ndugu. Hiyo ni ya nchi nzima, si mchujo wa chama, ila mlango wa karatasi anaousema Kasuku ndio huo huo.

#27 Dada wa Kasulu

Sijawahi kuandika humu, huwa nasoma tu. Post ya 24 imenifanya nishindwe kunyamaza.

Niligombea udiwani viti maalum ndani ya chama, sikitaji. Mimi ni Muha. Wiki moja kabla ya wajumbe kupiga kura ukaanza mnong'ono kwamba babu yangu ni Mrundi, alivuka na wakimbizi. Babu yangu alizikwa Kasulu kabla hao wakimbizi hawajaja. Lakini utaanzaje kubishana na mnong'ono? Nikienda kwa mjumbe ananipokea vizuri, ananipa kiti, na hakuna anayeniuliza. Ningeulizwa ningejibu. Nilitamani mtu anitukane hadharani ili nipate pa kuanzia. Obama alirushiwa video, akajua ajibu nini. Mimi nilirushiwa ukimya.

Nilipata kura tisa. Aliyekuwa karibu nami zaidi kwenye kampeni alinipigia simu jioni akasema, "Dada, watu walikupenda, tatizo ni yale mambo yako." Yale mambo yangu!

Kilichoniuma zaidi kilikuja baadaye. Shangazi alifungua sanduku la bibi, akatoa stakabadhi ya kodi ya babu ya mwaka 1951, imeandikwa kijiji na jina. Ilikuwepo siku zote.

#28 Binti wa Siaya

Dada, pole sana. Nimesoma mara mbili. Kwa hiyo ndugu Bwana Shamba jibu lako ni hili: lililorushwa usiku.

#29 Mama Tunu

Pole mwanangu. Naondoa nusu ya maneno yangu ya post #9. Jiwe humrudia mrushaji pale tu linapoonekana.

#30 Mwana wa Mtoni

Nimerudi, chai nimekunywa, na safari hii nimehakiki tarehe zote.

Kuna kitu kinaitwa sifa ya akiba. Joe Biden, Januari 31, 2007, siku aliyotangaza kugombea, alimsifu Obama kuwa mweusi anayejieleza vizuri, mwerevu na "msafi". Ikawa kelele. Kampeni ile haikufika mbali, ingawa siwezi kusema ni kwa sababu hiyo, na Obama akamchagua makamu. Juni 27, 2019 kwenye mdahalo wa Miami, Kamala Harris akambana kuhusu msimamo wake wa zamani juu ya mabasi ya kuchanganya wanafunzi weusi na weupe. Harris akapanda kwa muda, Desemba akajitoa. Biden akaenda South Carolina Februari 29, 2020, siku tatu baada ya Clyburn, mbunge mweusi wa jimbo lile, kumuunga mkono, akazoa karibu 49 kwa mia, na weusi zaidi ya nusu wakampa. Na nani alimteua nani makamu? Mnajua.

Hoja yangu: watu weusi wa South Carolina walikuwa wanamjua Biden. Tuhuma ikimkuta mtu anayejulikana inateleza. Bill Clinton naye alijulikana lakini mbele yake alikuwa Obama. Harris alikuwa na hoja, hakuwa na akiba.

#31 Hesabu Kwanza

Safi sana. Hapo hakuna hata nukta ya kurekebisha.

#32 Mjumbe Mstaafu

Hiyo ya akiba inanisaidia kumjibu Kahawa japo kidogo. Kikwete alirudi nyumbani kila mwezi kuweka akiba. Salim akiba yake ilikuwa Addis na New York.

#33 Kahawa ya Jaws

Na akiba ya Dada wa Kasulu ilikuwa wapi, mzee? Amezaliwa hapo hapo.

#34 Shemeji wa Mlalahoi

Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu, nimeambiwa natajwa.

Shemeji, umechagua mfano mmoja wa aliyeshinda ukaufanya sheria. Hesabuni waliotajwa humu: McCain alikwisha. Salim mara mbili. Bashe alisubiri miaka mitano. Jesse Jackson mwaka 1984 maneno yake mwenyewe kuhusu Wayahudi wa New York yalimganda mpaka akaenda sinagogi kuomba radhi. Obama ndiye aliyepenya, na hata yeye kwa gharama ya kulikana kanisa lililomlea. Nilisema atashinda akichechemea. Nilikosea wapi?

#35 Mlalahoi wa Ilala

Karibu shemeji, nilijua utakuja. Nimekubali kwamba kalenda ilimsaidia na nimekubali kwamba mnong'ono ni mbaya kuliko video. Lakini hotuba siiachii. Mtu aliyelazimishwa kusema jambo ambalo hakuna mgombea aliyewahi kulisema vile, tena akasikilizwa, huyo hakuchechemea.

Dada wa Kasulu, kama bado uko humu: utagombea tena?

#36 Dereva wa Masafa

Nasubiri jibu hilo kuliko yote.

#37 Dada wa Kasulu

Nipo. Fomu nimechukua Jumatatu.

Safari hii nimeanza mapema, mjumbe mmoja mmoja, nyumbani kwake. Nikishasalimia na kukaa, naianza habari ya babu mimi mwenyewe kabla hajafikiria kuniuliza au kutoniuliza. Stakabadhi nimeiwekea plastiki, naitoa, naiweka mezani. Jana mjumbe wa tatu, mama mtu mzima, aliishika muda mrefu, kisha akaingia ndani akaniletea ya baba yake. Ya mwaka 1949. Tukakaa tunazilinganisha mihuri.